Asubuhi Niliyoinyamazisha Kengele

Mimi si mtu wa kupumzika. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili anayenisoma ajue anazungumza na nani. Shule niliishia darasa la nne, pale Tingi, na hata hilo la nne sikulimaliza vizuri. Lakini leo mtu akitaka bati, saruji, nondo au msumari hapa Kilwa Kivinje, anaelekezwa kwangu. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa miguu yangu. Wengine wanajisifu wamejenga kwa mikono, mimi nasema miguu, kwa sababu kila tofali la nyumba ile limetoka kwenye pedeli ya baiskeli.

Nilipokuwa kijana nilikuwa nachukua samaki hapa pwani, ng'onda na wa kukaanga, nawajaza kwenye tenga, nalifunga tenga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, napanda nao bara. Nangurukuru, Tingi, na vijiji vya ndani ambako watu walinisikia harufu kabla hawajaniona. Narudi na mihogo, ufuta, korosho, chochote kinachonunulika. Na samaki hangoji. Ukimwambia leo kiuno kinaniuma, anakuozea huku anakutazama. Kwa hiyo sikukua nikijua kuna siku ya kukaa. Mvua ikinyesha nipo njiani, Ramadhani nipo njiani, koo limekauka kama jani la mkorosho. Wenzangu tulioanza nao walichoka mmoja mmoja. Mmoja yupo pale stendi anapiga debe na sauti imeshamwisha. Mimi nipo.

Mambo yaliponinyookea nikanunua gari la mizigo, na watu wakadhani sasa baiskeli nitaitundika. Wapi! Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilitoa chuma changu, baiskeli nyeusi ya Mchina, nzito, haina gia hata moja, nikaenda nayo mpaka Tingi kwenye mikorosho yangu, nikaitazama, nikarudi kufungua duka. Vijana wa bodaboda wakinipita walinipigia honi, "Shikamoo, mzee wa chuma!" nami niliwajibu "Marahaba!" bila kuhema. Kutokuhema ndiyo ilikuwa sifa yangu. Nilikuwa nahema nikishapita kona.

Magoti ndiyo yaliyoanza kunisaliti. Kwanza yalilia nikipanda ngazi ya duka, halafu yakawa yanawaka kila nikilala. Mke wangu alinichua kwa mafuta ya nazi aliyochemsha na karafuu, na alipokuwa ananichua alikuwa anasema. Mwanamke yule akikuchua huwezi kukimbia, kwa hiyo anasema yote.

"Umeshajenga, mume wangu. Sasa unamkimbiza nani?"

"Nafanya mazoezi. Wenzangu wana sukari, wana presha, mimi sina."

"Huna presha, presha tunayo sisi. Magoti yenyewe haya kama maandazi."

Akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa binti, umri wa kitindamimba wangu, na alinisalimu vizuri, shikamoo yake ilitoka moyoni. Akanibonyeza magoti, akanipima, akasema moyo mzuri, mapafu mazuri. Nikamtazama mke wangu: umesikia? Binti akaendelea.

"Baba, unaendesha mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku."

"Na siku ya kupumzika?"

"Ya nini?"

Akacheka, lakini kwa adabu. Akaniambia baiskeli ni nzuri, nisiiache, ila mtu wa umri wangu akiendesha anauchosha mwili, na mwili unajirudisha pale anapokaa. Nisipokaa haujirudishi. Kila siku nabomoa, sijengi. Nipumzike walau siku mbili katika wiki, nitembee kidogo, nilale vya kutosha.

Mimi nauza saruji. Maneno yale niliyaelewa kuliko yeye alivyodhani. Ukimwaga zege unaliacha, unalimwagia maji, unalifunika magunia, hulipandishii ukuta kesho yake. Nimewagombeza mafundi wangapi kwa kosa hilo! Nilielewa kabisa, na nikakataa kabisa.

Ijumaa moja nilijaribu. Nilikaa barazani kwangu nimevaa msuli, kikombe mkononi. Wakapita kina mama na majembe yao wanaenda shamba, wakanisalimia. Akapita muuza mkaa na baiskeli yake, magunia mpaka juu ya kichwa, mgongo umelowa. Nikajiona mwizi. Nakwambia kweli, nilijiona kama nimeiba kitu na wote wanajua. Nikaingia ndani nikakaa ukumbini, madirisha nimefunga. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshatoa baiskeli.

Sasa nimseme mjomba.

Sisi Wamatumbi mjomba si mtu wa kusalimiwa sikukuu tu. Kaka yake mama yangu ndiye aliyenilea baba alipoondoka. Nyumba yake iko ukingoni mwa Kivinje, kando kabisa ya barabara yangu ya kila asubuhi, na bati lililoiezeka lilitoka dukani kwangu, geji nene, la bei ya juu. Kila nikipita pale nilimpigia kengele, krini krini, naye akijua ni mimi. Niliona hiyo ndiyo salamu yake. Kusimama sikusimama, maana ukisimama miguu inapoa, na ikishapoa kuipasha tena ni kazi.

Mwaka huo mjomba akaugua, akawa hatoki kitandani. Nilikwenda kumwona jioni baada ya kufunga duka, si kila jioni. Siku moja akawatoa watu chumbani, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama jani la mhogo.

"Mpwa, nina mambo mawili."

"Sema, mjomba."

"Siku yangu ikifika utanibeba wewe. Mbele, upande wa kichwa. Na kaburini ushuke wewe unipokee. Nimezaa watoto wa kike, wewe ndiye mwanangu wa kiume."

"Nitakubeba kutoka mlangoni hapa mpaka kaburini, sitampa mtu," nikasema. Nilijigamba hata pale.

"Na la pili, pumzisha miguu hiyo. Nakusikia ukipita. Siku hizi inalia miguu, si cheni."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilipomsimulia mke wangu, akaniwekea sharti. Alisema mjomba yuko karibu, kila mtu anaona, na siku hiyo itatakiwa miguu. Basi baiskeli ikae mpaka tujue Mungu ameamua nini. "Niahidi," akasema. Nikamwahidi. Nilitimiza kwa siku chache, na siku zile zilikuwa mbaya kama za mtu aliyeacha sigara. Dukani niliwafokea wateja. Nilizunguka nyumba mpaka kuku wakanihofia. Magoti, lakini, yalianza kupoa, nikawa napanda ngazi bila kushika ukuta. Na hapo ndipo shetani aliponipata. Nikajiambia, si unaona, umeshapona.

Asubuhi ile nilimwambia mke wangu naenda msikitini, na nikitoka msikitini nitapitia dukani kupokea mzigo. Nilikwenda msikitini kweli, hilo sikudanganya. Nilipotoka nikazunguka nyuma ya duka, ambako baiskeli ilikuwa imefungwa stoo kati ya mifuko ya saruji, nikaisukuma mpaka njia panda ya pili, nikapanda.

Ilibaki kupita kwa mjomba. Mke wangu alikuwa anakwenda pale kila siku kumsaidia mke wa mjomba kufua na kupika, na mle ndani hakuna neno lisilofika kwake. Kengele ikisikika, nimekwisha. Tena pale mbele ya nyumba barabara ina matuta, kengele yangu hulia yenyewe baiskeli ikiruka. Kwa hiyo nilipokaribia niliifunika kwa kiganja, nikaibana, nikaacha kukanyaga ili hata cheni isiseme. Nikapita hivyo, kimya, kama mtu anayetoroka deni. Nikaona mwanga wa taa dirishani kwa mjomba. Nilipokwisha kuipita nyumba nikaiachia kengele, nikakanyaga.

Na ilikuwa raha! Siwezi kuficha. Upepo wa asubuhi, barabara haina watu, miguu iliyokaa siku kadhaa ilikuwa na nguvu ajabu. Pale Nangurukuru mabasi ya Lindi yalikuwa yameshaanza kupakia, nikayapita. Nilikwenda kwa kasi ya ujana, makusudi, nijionyeshe mwenyewe. Nilipofika Tingi goti la kulia lilikuwa linapiga kama moyo, na bado nilisimama chini ya mikorosho yangu nikatabasamu.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Uko wapi?"

"Nipo hapa karibu na duka."

Nyuma yake nilisikia wanawake wanalia.

"Mjomba ametutoka," akasema. "Njoo."

Nilirudi vipi sijui. Jua lilikuwa limepanda na upepo umenigeukia, malori yananipitia sikioni, nami nimesimama juu ya pedeli kama ninapanda mlima. Kila aliyeniona alidhani nakimbizwa. Nilipofika kwa mjomba watu walikuwa wameshajaa, turubai limefungwa, mabenchi yanashushwa. Nikaiegemeza baiskeli kwenye mnazi. Mke wangu akatoka, akanitazama kuanzia viatu vyenye vumbi jekundu, vumbi la Tingi, Kivinje halipo. Akaitazama baiskeli. Alikuwa ameshika kanzu yangu, ameipiga pasi. Akanipa, akarudi ndani.

Angenitukana ningepumua.

Tukamsalia adhuhuri. Sasa kwa msiolijua jambo hili, jeneza huku kwetu hubebwa mabegani mpaka makaburini, na halibebwi na watu wanne. Linabebwa na mji mzima. Unatia bega, unakwenda hatua kadhaa, mwenzako anakugusa mgongoni, unampisha, unarudi nyuma, unazunguka. Kila mtu anataka thawabu yake. Linakwenda hivyo juu ya vichwa vya watu, na kalima inasomwa, na hakuna anayechoka maana hakuna anayekaa chini yake muda mrefu.

Mimi nilishika mbele upande wa kichwa, na sikumpisha mtu. Niliahidi. Walinigusa mgongoni, nikatikisa kichwa. Shemeji yangu akaninong'oneza, "Pokezana, kaka," nikamwambia, "Huyu ni wangu." Mwingine akanigusa, nikamsukuma kwa kiwiko. Ndani ya moyo nilikuwa najua kwa nini. Nilijua kanzu inafunika vumbi la Tingi. Nilitaka bega lifute kilichofanywa na miguu.

Njia ya makaburini inateremka, na ni kichanga. Tulipoanza kuteremka, goti la kulia likaondoka. Halikuuma, liliondoka tu, kama hatua ya ngazi ambayo haipo. Nikaenda chini kwa goti moja, na jeneza likainama upande wangu. Shuka ya kijani iliyolifunika ikateleza. Nilimsikia mjomba akihama. Ndani ya jeneza, juu ya bega langu, nilimsikia akiteleza kidogo kuja mbele. Watu wakaguta, "Allah!" Bega lingine likaingia pale pale, kubwa, lenye jasho, likaniondoa kama unavyoondoa kifusi, na jeneza likanyooka. Likaenda. Kalima haikukatika.

Mimi nilibaki kwenye kichanga. Miguu ikanikamata mshipa yote miwili, nikawa siwezi kusimama wala kukaa vizuri. Kaburini aliyempokea si mimi, bali ni mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye akipanda dari anaomba ngazi ishikwe na watu wawili. Yeye ndiye aliyeshuka akamlaza mjomba kwenye mwanandani. Mimi nilikaa mbali kidogo pamoja na wazee wasiojiweza, nikatupa udongo wangu baada ya kushikwa na kusogezwa karibu.

Lile bega kubwa lilikuwa la mtani wangu. Mngindo yule ni fundi seremala, jirani, mtu mnene anayetembea kama amebeba mlango. Kwetu Mngindo na Mmatumbi ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kukutukana, kukuiga, kukunyang'anya kofia, na ukikasirika wewe ndiye unayeonekana huna malezi. Niliporudi matangani nachechemea nimeshikwa huku na huku, nilimkuta ameshaanza. Amevaa taulo kama kilemba, amebeba benchi begani, anapiga magoti kila baada ya hatua mbili.

"Huyu ni wangu!" anaguta. "Msiniguse! Mimi mzee wa chuma! Allah, goti!"

Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata watoto wa marehemu walicheka. Na mimi nikalazimika kutabasamu, huku nataka ardhi ipasuke.

Halafu akaiendea baiskeli yangu pale mnazini. Akaishika usukani kama askari anavyomshika mtuhumiwa kola.

"Sikilizeni, jamaa! Chuma hiki kimeshtakiwa. Kimetaka kumwangusha marehemu njiani. Tangu sasa kiko mahabusu."

"Lete hapa, we Mngindo," nikasema.

"Mmatumbi, nyamaza. Wewe ni shahidi, hujaitwa bado."

Nikaingiza mkono mfukoni. Mtani akiteka kitu chako unakikomboa, ndiyo desturi, na mimi nikikomboa nakomboa kwa noti nzima, watu waone. Nikamnyooshea. Akazitazama zile noti kama nimemnyooshea panya.

"Hizo za misumari weka. Chuma kinatoka siku ya arobaini. Mpaka siku hiyo unakaa. Nikikuona juu ya baiskeli yoyote, hata ya mtoto, nateka na gari."

Watu wakapiga makofi. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni kwa wanawake, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni. Halafu akamshukuru Mngindo kwa macho, nami nikaona.

Basi nikakaa. Sikukaa kwa kupenda, nilikaa kwa kutekwa. Wiki ya kwanza hata kutembea ilikuwa shida. Mke wangu alinichua kama kawaida, ila sasa alichua kimya, na nilitamani anisute. Ya pili nikaanza kutembea, taratibu, kutoka nyumbani mpaka dukani. Ajabu yenyewe, watu walionisalimia zamani kwa honi sasa walinisalimia kwa mkono, wakaniuliza habari za nyumbani na kungoja jibu. Usingizi ukarudi. Goti likapungua, likawa goti. Binti wa hospitali alisema kweli tupu, na kila lilipopungua nilizidi kuumia, maana nilijua kama ningelipumzisha siku chache zaidi lingembeba mjomba.

Ndipo siku moja nikatembea mpaka kwa mke wa mjomba. Alikuwa bado kwenye eda, amekaa ndani na nguo nyeupe. Nikamwamkia kwa nje ya pazia, akaniambia niketi barazani, tukazungumza hivyo, yeye ndani mimi nje. Mtoto wake wa kike akaniletea chai na vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kwa miguu."

"Kwa miguu, mama."

"Mjomba wako angefurahi. Alikuwa anakungoja kila siku, unajua? Kengele ikilia anasema, 'Huyo anapita.' Ananiambia weka chai, labda leo atasimama. Naweka. Unapita. Nainywa mwenyewe."

Nikakirudisha kitumbua kwenye sahani. Miaka yote ile nilidhani kengele ni salamu. Kumbe yeye aliisikia kama hodi ya mtu asiyeingia.

"Lakini sikulaumu," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya kunifariji, hilo ndilo lililoniua. "Maana siku ile aliyoondoka, alfajiri alikuwa akisikiliza. Muda wako ukafika, ukapita, kengele kimya. Akaniuliza, 'Mpwa hajapita?' Nikamwambia hajapita. Akasema, 'Alhamdulillahi. Kapumzika. Kanisikia.' Akatabasamu, nakuapia. Akageukia ukuta. Hakusema neno lingine mpaka roho ikatoka. Basi wewe, mwanangu, usijisumbue na lile la jeneza. Alikwenda akiwa radhi nawe."

Nilikaa pale na kikombe. Nilitazama matuta ya barabara mbele ya nyumba, pale pale nilipoibana kengele. Kutoka dirishani kwake mpaka pale ningeweza kurusha kokwa ya embe. Yeye amelala ndani anamshukuru Mungu kwa ajili yangu, mimi niko nje nanyata.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Kile kilikuwa kitu cha mwisho alichonacho cha mumewe, lile tabasamu, na mimi ningelichukua ili nipumue. Sijui kama nilifanya sawa. Mpaka leo sijamwambia, na kama kuna atakayemsomea maandishi haya, basi Mungu amechagua hivyo.

Nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele ukumbini. Nilimwambia yote, kuanzia stoo ya saruji mpaka kiganja juu ya kengele. Akasikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akapeta mara moja, akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo mjomba aliondoka anaamini umepumzika."

"Ndiyo."

"Basi pumzika. Usimwache na neno la uongo mdomoni."

Akachukua ungo wake, akaendelea. Usiku huo, aliponichua, alianza kusema tena. Alinisuta mpaka nikalala, na nilishukuru.

Siku ya arobaini tukasoma hitima, pilau likapikwa, ng'ombe nilimtoa mimi, na simsemi ukubwa wake. Baada ya dua, mtani akaja nayo. Ameipamba baiskeli yangu kwa majani ya mnazi kama gari la harusi, anaisukuma huku anaitangazia kifungo chake kimekwisha, imeungama, imetubu. Watu wakacheka. Akanikabidhi usukani.

"Haya, Mmatumbi. Nenda kajivunje vizuri."

Nikaishika. Mikono ilikuwa inawasha kwa hamu. Nikaisukuma hatua mbili, nikasimama, nikamrudishia.

"Ijumaa na Jumatatu ukae nayo wewe," nikamwambia. "Kila wiki. Njoo uiteke."

Akanitazama kuona kama ni utani. "Nikuteke kila wiki? Umekuwa mateka wa kudumu?"

"Peke yangu siwezi. Nitaitoa."

Sikumweleza zaidi ya hapo, na yeye, kwa mara moja katika maisha yake, hakuuliza. Alinivua kofia, akaivaa mwenyewe, akapanda baiskeli, akaondoka nayo akiyumba, majani ya mnazi yanaburuzwa nyuma.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Siku zangu naendesha, na naendesha vizuri, hakuna mtu wa umri wangu kutoka hapa mpaka Lindi atakayenipita, hilo naliandika bila haya. Nikipita kwa mke wa mjomba nasimama. Miguu inapoa, naiacha ipoe. Alhamisi jioni Mngindo anakuja mlangoni kwangu na kelele zake, "Mahabusu yuko wapi?" na mtaa mzima unatoka kuona ninavyonyang'anywa. Ijumaa nakaa. Sijazoea. Bado akipita mtu na mzigo wake najiona mwizi, na nikiacha kujiona mwizi nakumbuka kiganja changu juu ya kengele, naona hayo ni makosa mawili na dawa yake ni moja, kukaa hapa hapa.

Ijumaa iliyopita nilikuwa barazani kwa mke wa mjomba. Eda imekwisha, anakaa nje sasa, tumetenganishwa na birika la chai. Kwa mbali nikaisikia kengele yangu, krini krini, inakuja. Mtani, ametoka kuchukua mbao, amekifunga mizigo chuma changu kama punda, anakanyaga kwa visigino. Mke wa mjomba akainua kichwa.

"Huyo anapita," akasema, nadhani bila kujua amesema.

Halafu akapaza sauti, "We fundi! Simama unywe chai!"

Akasimama. Aliitwa mara moja tu, akasimama, akaiegemeza baiskeli kwenye ule mnazi, akaja anajifuta jasho kwa kofia yangu. Mke wa mjomba akamimina.

Nikasogea kumpisha kwenye jamvi.